Bi Setsu wa Kamoshika na Barua Thelathini

Bi. Sawaguchi Setsuyo, Bi Setsu wetu, anastaafu tarehe 31 Mei 2025, baada ya kuitumikia klabu yetu ya mpira wa kikapu ya Hinokami Kamoshika kwa miaka kumi na tisa. Alikuwapo siku ya kwanza, kabla hata ya wachezaji kupata viatu vinavyofanana. Misimu kumi na miwili alikuwa mtangazaji wa mechi za nyumbani. Misimu saba iliyobaki alikaa kwenye dirisha la tiketi. Nimeombwa niandike maneno machache ya kumuaga kwenye kijarida hiki cha mechi ya mwisho. Hayatakuwa machache, na si yote yatakuwa matamu.

Nimefanya kazi naye miaka yote hiyo kumi na tisa. Naitwa Oikawa Norihiro, ninasimamia shughuli za siku ya mechi. Yeye huniita Nori.

Kabla ya klabu kuanzishwa, Bi Setsu alikuwa sauti ya mji. Ndiye aliyesoma matangazo ya manispaa kwenye vipaza sauti vile vya juu ya nguzo, asubuhi na alasiri: dubu ameonekana nyuma ya shule ya Orikabe, barabara ya bonde imefungwa kwa theluji, mzee fulani ametoka nyumbani tangu saa nne na hajarudi. Hapakuwa na mtu Hinokami asiyeijua sauti ile. Basi mwaka 2006, klabu ilipoanza katika daraja la chini, bila mtangazaji na bila uwezo wa kumwajiri mmoja, mtu akasema, "Si tunaye Setsu?" Tukamfuata.

Mechi ya kwanza alisoma majina ya wachezaji kwa namna pekee aliyoijua.

"Tangazo kwa wananchi. Namba kumi na mbili, Chiba Ryosuke. Urefu mita moja na sentimita themanini na nane. Mara ya mwisho ameonekana akiwa amevaa fulana ya kijani."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka juu: "Akipatikana tupigiwe simu!" Watu elfu moja na mia mbili wakaangua kicheko, na nadhani siku ile ndipo timu ilipogeuka kuwa ya kwetu. Hadi hapo walikuwa vijana warefu tu waliovaa jina la kamoshika, mnyama wetu wa milimani. Kuanzia hapo walikuwa watoto wetu.

Alitangaza kwa lafudhi ya huku, ile inayomeza nusu ya neno. Wazee husema tunazungumza hivyo ili baridi isituingie kinywani. Chiba hakuwa Chiba tu, alikuwa "mtoto wa yule muuza tofu wa Orikabe, mama yake yuko mlango wa kusini, mpungieni mkono." Mchezaji wa timu ngeni akisimama kwenye mitupo huru, alisema, "Msimzomee sana, naye ana mama." Mwamuzi akipuliza kosa tusilolikubali: "Refa amesema ni kosa. Mimi sikuliona, lakini refa ndiye refa." Waamuzi walimlalamikia mara mbili kwa maandishi. Barua zao ninazo. Hizo ni barua za kweli.

Mwaka 2009 alikuja Dwight Lassiter kutoka Alabama, mita mbili na sentimita sita, umri miaka ishirini na sita, hajui neno hata moja la Kijapani. Alipanga nyumba jirani na Bi Setsu. Bi Setsu akamlisha mchuzi wa magimbi na kumfundisha kusema. Lassiter alifundishika vizuri mno. Tulipokwenda kucheza Tokyo na kushinda, mwandishi wa televisheni alimsogezea kipaza sauti akamuuliza anajisikiaje. Jitu lile likainamisha kichwa kwa adabu na kujibu, kwa lafudhi ya bibi wa milimani wa miaka themanini: "Ee, mjukuu wangu, magoti yanauma, ila moyo umeshiba." Mwandishi alishindwa kuuliza swali la pili. Lassiter hakujua kuna Kijapani kingine. Aliniuliza kwenye basi, "Kwani nimesema vibaya?" Nikamwambia hapana, umesema kama mtu wa Hinokami.

Tetemeko la Machi 2011 lilisimamisha ligi, na ukumbi wetu ukawa makazi ya watu waliohamishwa kutoka pwani. Umeme haukuwapo. Mara mbili kila siku Bi Setsu alipanda kwenye meza ya waamuzi na kusoma, kwa koo lake tu, orodha ya majina: nani anatafutwa na nani, nani amepatikana yuko wapi. Aliyeitwa alisimama. Alifanya hivyo siku arobaini na moja, na sauti yake haikukatika hata mara moja. Vuli ile mechi ziliporudi, alipoanza kutaja majina ya wachezaji, mzee mmoja wa pwani aliyekuwa amehamia huku kabisa alisimama kwa mazoea, akashangaa mwenyewe, akakaa. Bi Setsu alimwona. Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na namba inayofuata. Ni mara pekee katika misimu kumi na miwili niliyomwona akipoteza mahali alipofika.

Hizo ndizo sifa, na zingetosha kujaza kijarida. Lakini Bi Setsu ameniagiza niandike na mambo mengine.

Kiangazi cha 2018 tulipanda daraja. Alikuja mshauri kutoka Tokyo, kijana nadhifu mwenye tarakilishi nyembamba, kutusaidia kufanana na klabu kubwa. Tulikuwa watu watano kikaoni. Alituchezea video ya mechi yetu, akaisimamisha katikati ya tangazo la Bi Setsu, akauliza, "Samahani, huyu mama anatangaza mechi au anaita kuku?"

Wote walicheka. Nami nilicheka. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi, na sijapata njia ya kuliandika ambayo inanifanya nisiwe nimecheka.

Ikaamuliwa aje mtangazaji wa kitaalamu, mwenye sauti ya redio. Nikapewa kazi ya kumwarifu Bi Setsu, kwa kuwa mimi nilikuwa karibu naye. Nilimkuta mlangoni, kwenye rafu ya viatu, akipanga ndara za wageni. Ningeweza kumwambia ukweli: kwamba watu watano wameketi chumbani wakaona haya kwa ajili yake, na mmoja wao ni mimi. Niliona ni maneno mazito. Nikatafuta mepesi.

Nikasema, "Bi Setsu, kuna barua zimekuja. Za mashabiki. Wanasema hawakuelewi unaposema."

Akaniuliza, "Ngapi?"

"Kama thelathini hivi."

"Za watu wa mbali?"

Hapa ningeweza bado kumwacha na kitu. Lakini niliogopa kwamba nikisema za watu wa mbali, atabisha.

"Za hapa hapa," nikasema.

Hapakuwa na barua hata moja.

Aliendelea kupanga ndara hadi zikaisha. Kisha akasema, "Haya. Basi nipatie kazi nyingine, Nori. Jumamosi sina pengine pa kwenda." Nikampa dirisha la tiketi, nikarudi ofisini nikijisifu kwamba jambo limekwenda vizuri, hakuna aliyepaza sauti.

Kwenye dirisha alifanya kazi ambayo hakuna atakayeifanya tena vile. Alijua nani goti lake halikunjiki na anahitaji kiti cha pembeni. Alijua ndugu gani hawasemezani, akawauzia viti vya pande mbili za ukumbi bila kuulizwa. Vitu vilivyopotea pia vilikuwa mikononi mwake. Msimu wa 2019, baada ya ushindi wa muda wa nyongeza, wafagiaji waliokota meno ya bandia chini ya viti vya kaskazini. Bi Setsu aliyatazama, akauliza yameokotwa safu ya ngapi, akapiga simu moja tu, kwa mzee Hatakeyama, fundi majiko mstaafu. "Ni yake," alituambia. "Pale hakuna mwingine anayepiga kelele hadi meno yatoke." Yalikuwa yake.

Hata hivyo, kuna jambo nililoliona na sikulielewa. Pale dirishani Bi Setsu aliacha lafudhi yetu. Aliwasemesha majirani zake, wanawake aliosoma nao darasa moja, kwa lugha iliyopigwa pasi, kama msomaji wa habari. Walimtania. "Setsu, umeolewa Tokyo nini?" Siku nyingine bibi mmoja wa Orikabe aliinama kabisa kwenye tundu la dirisha akamwambia, mimi nikisikia, "Huyu mpya wenu anaguruma kama trekta. Rudi wewe." Bi Setsu akampa tiketi yake na kumshukuru kwa maneno mazuri. Mimi nilidhani amekuwa mtaalamu. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alidhani bibi anamfanyia adabu tu. Huku kwetu watu hawamwambii mtu ubaya wake usoni. Wanaandika barua.

Klabu nayo ilibadilika. Ukumbi ukajaa taa na muziki, na watu wapya walikuja, sikatai. Lakini wale wa zamani, waliozoea kufika mapema na makoleo yao kutoa theluji kwenye maegesho, walianza kupungua. Tuliitisha vikao kuhusu jambo hilo. Tukaandika kwenye ukuta: utambulisho wa mahali petu. Tulitafuta utambulisho wa mahali petu saa mbili nzima, na ulikuwa umekaa chini yetu, ghorofa ya chini, ukikata tiketi.

Oktoba iliyopita mwenyekiti wetu mpya, mzaliwa wa hapa, alisema wazi kwamba anataka Bi Setsu arudi kutangaza msimu wake wa mwisho. Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilimweleza kwa furaha hadi nikamaliza pumzi, ndipo nikagundua kwamba hajajibu. Alivuta skafu yake chini kidogo akanionyesha kovu jipya shingoni. Kiangazi kile alifanyiwa upasuaji wa tezi. Alikuwa ametuambia kwamba anakwenda likizo. Mshipa wa fahamu wa sauti uliguswa, na kilichobaki ni mnong'ono wenye mikwaruzo, kama mtu anayesema nyuma ya mlango. Wiki tatu alikuwa akiuza tiketi mbele ya macho yangu kwa kutabasamu na kuandika namba kwenye karatasi, na mimi nilidhani ana mafua.

Akaninong'oneza, "Hata ningeweza, Nori. Wale watu thelathini si bado wapo?"

Nilisimama pale na ulimi wangu mzima, sikusema kitu. Naliandika hili kwa sababu msomaji anaweza kudhani nilikiri siku ile. Sikukiri. Nilimpa pole ya ugonjwa nikapanda juu.

Nilikiri Februari. Usiku theluji ilianguka hadi magotini, na asubuhi ya mechi tulikuwa maegeshoni na makoleo, mimi na yeye na wengine sita au saba waliobaki. Tulijikuta mstari mmoja. Nikamwambia. Hapakuwa na barua, Bi Setsu. Nilizitunga. Hakuna mtu wa Hinokami aliyewahi kulalamika.

Hakusimama. Alichota na kutupa, akachota na kutupa, hadi akamaliza mstari wake wote kufika ukutani. Ndipo akakita koleo kwenye theluji, akanigeukia. Ilibidi niiname ili nimsikie.

"Miaka saba nimewatazama nyuso pale dirishani," alisema. "Kila anayekuja najiuliza, ni huyu? Ni huyu? Ananichekea, kumbe aliandika?"

Nikasema nisamehe. Hakunijibu hilo.

"Hatakeyama alipoacha kuja," akasema, "nikajiambia, basi ndiye. Amechoka kujifanya. Nikasikia amelazwa, sikwenda. Nikasikia amekufa, nikatuma ubani kwa posta. Kwa posta, Nori. Nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka kwangu."

 Kuna makosa ambayo mtu huyaomba radhi yakapungua. Hili halikupungua. Hatakeyama hayupo, sauti haipo, na misimu saba haiwezi kuchezwa upya. Nilipoandika barua ya kujiuzulu, Bi Setsu ndiye aliyeikataa, kabla hata mwenyekiti hajaisoma. "Ukiondoka nani atawaambia watu?" alinong'ona. "Mimi nikisema hawanisikii. Wewe ndiye uliyewasingizia. Andika. Siku yangu ya kuagwa, wakiwa wote wamekaa."

Mwezi Machi nilimpeleka kwa gari nyumbani kwa Hatakeyama, ijapokuwa ni mwendo wa dakika nne kwa miguu. Hakutaka kuingia peke yake. Mjane alitukaribisha mbele ya picha iliyomwonyesha marehemu amevaa fulana yetu ya kijani. Bi Setsu aliwasha kijiti cha udi, akakaa muda mrefu ameinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyemweleza mjane habari yote, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa nauli yangu. Mama yule alinisikiliza bila kunikatiza, wala hakunitazama tena. Alimgeukia Bi Setsu.

"Setsu, unajua hospitali alikuwa anafanya nini? Muuguzi akiingia tu, anamtangaza. 'Tangazo kwa wananchi! Namba tatu, Abe Mikiko, mara ya mwisho ameonekana akiwa na sindano!' Kwa sauti yako ileile. Wodi nzima inacheka. Daktari mkuu alikuja kutugombeza, naye akatangazwa."

Bi Setsu akafunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika, na kwa kuwa hakuna sauti iliyotoka, sikuweza kujua kama analia au anacheka. Mjane alimsogelea akamshika mgongo, na wakakaa hivyo. Mimi nilikwenda kungoja nje.

Tangu siku hiyo amerudi kwenye lafudhi yake. Kwa mnong'ono, pale dirishani, anawatania watu kama zamani, nao wanalazimika kusukuma masikio yao ndani ya tundu ili wasikie. Foleni imekuwa ndefu mno. Jumamosi moja ya Aprili mechi ilichelewa dakika sita kwa sababu nusu ya mashabiki wa kaskazini bado walikuwa kwa Bi Setsu. Ukumbi mpya utakapofunguliwa upande wa stesheni mwaka ujao, tiketi zitakatwa kwa simu za mkononi, na dirisha halitakuwapo. Yeye anasema afadhali. Anasema amewatazama watu vya kutosha kupitia tundu, sasa anataka kukaa nao kiti kwa kiti. Tumempa kiti cha bure cha maisha. Amekikataa, akanunua cha kwake upande wa kaskazini, kando ya mjane wa Hatakeyama.

Alhamisi nilimpelekea maandishi haya ayapitie. Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasoma yote bila kuinua kichwa. Alikata aya nzima niliyoandika kwamba ana moyo mkubwa na kwamba amenisamehe. Pembeni akaandika: "Hili sijasema." Nimeiondoa.

Kwa hiyo, kwenu nyote mliokaa hapa leo, watu wa Orikabe, watu wa bondeni, ninyi mliotoka pwani mkabaki nasi: hamkumlalamikia. Mlimuuliza mbona ametuacha, mlimwambia arudi, na mlikuwa mnasema kweli. Nawaomba radhi kwa kuwavisha maneno yasiyo yenu. Leo mkitoka, atakuwa amesimama mlangoni. Mwambieni wenyewe, na msimwambie kwa lugha ya kupigwa pasi.

Bi Setsu, tunakushukuru kwa miaka kumi na tisa, kwa majina yote uliyoyataja na kwa watu wote waliosimama walipoyasikia. Tunakuombea afya, majira mafupi ya theluji, na majirani wenye kelele. Uishi salama, ukae kitako, na utazame mechi hadi mwisho bila kazi yoyote mkononi. Sisi tuliobaki tutajitahidi kuwa timu ya watu uliowaita.